Luku Inatoka Gikomba, Bei Inatoka Westi

Kuna story wasee wengi Kanairo wamekubali bila kuuliza: ati ladha inazaliwa Westi, Kile na Karen, alafu inateremka polepole mpaka ifike Eastlando ikiwa imechoka. Ati babi ndiye anajua luku, anajua ngoma, anajua dishi, na yut wa mtaa kazi yake ni kuiga. Mi nasema hiyo story imegeuzwa juu chini. Cheki pamba, cheki ngoma, cheki mathree, cheki hata venye makampuni hubonga zikitaka kukuuzia laini ya simu. Vitu mob zenye zimefanya hii tao ijulikane zilianzia Eastlando. Chenye huongezwa Westi ni bei, na jina la mwenye alianza mara nyingi linabaki njiani.

Anza na Gikomba. Saa kumi na moja asubuhi, giza bado, mitumba inafunguliwa. Bale inashuka kwa mgongo wa mbebaji, kamba inakatwa na kisu, na wasee washaizunguka kitambo. Sasa angalia mikono. Msee mwenye anajua kazi hasomi lebo kwanza. Anashika kola, anapima kitambaa na vidole mbili, anageuza nguo ndani nje acheki mshono wa kwapa, anavuta zipu mara moja, anainua kitu juu kwa taa ya stima aone ka iko na doa. Hiyo yote ni sekunde chache. Alafu nguo inapata upande wake: kamera huku, ile ya katikati pale, fagia chini kwa turubai. Kamera ni ile safi, karibu mpya, yenye ukivaa mtaa mzima unauliza umetoa wapi. Fagia ni ile itauzwa mwisho mwisho kwa mbao ama finje, ujichagulie. Ukishika kamera na huna nia, mathe wa hapo atakuambia bila kukuangalia, "Kijana, hiyo weka chini, iko na wenyewe."

Huyo msee wa bale hajasomea mambo ya nguo mahali popote. Lakini anajua sufi ya ukweli na ile imechanganywa na plastiki, anajua jinzi nzito na nyepesi, anajua ngozi na ile inajifanya ngozi, na anajua kitu gani wasee watadai mwezi ujao kabla hao wenyewe wajue. Hayo macho kwa nyumba za mitindo za Ulaya yangekuwa na ofisi. Gikomba yanaishi na faida ya nguo moja moja, na soko likiungua, na Gikomba imeungua mara mob sana, mwenye macho anaanza tena na sifuri.

Sasa fuata koti moja. Imetoka kwa bale, imeenda upande wa kamera, imenunuliwa na manzi mwenye ako na duka tao ama ukurasa wa Instagram. Inafuliwa, inapigwa pasi, inawekwa kwa hanga ya mbao mbele ya ukuta mweupe, inapigwa picha. Ile ilikuwa soo tatu asubuhi sasa ni thao mbili. Babi anainunua, anaivaa kwa sherehe, mabeste wanasema ako na jicho. Na ako nalo, sikatai. Lakini kazi ngumu ya kuchagua, ya kutoa koti moja kwa mlima wa takataka, ilifanywa gizani na mtu mwenye hajulikani kwa hiyo sherehe. Na si ati mitumba ilikuja ka zawadi. Ilijaa Kenya mwanzo wa miaka ya tisini soko ilipofunguliwa, viwanda ka Kicomi ya Kisumu zikalemewa, wafanyikazi wakarudi ushago. Mtaa ilipewa mabaki ya dunia, ikayafanyia kazi mpaka ikawa na jicho la kutofautisha mabaki na dhahabu.

Kuna buda mmoja Mfaransa alikuwa ashaangalia hii maneno kitambo. Pierre Bourdieu, mzaliwa wa 1930, kijiji inaitwa Denguin kusini magharibi ya Ufaransa, huko karibu na milima ya Pyrenees. Mbuyu yake alitoka familia ya wakulima, akaishia kuwa mtu wa posta. Kijana akaingia shule kali za Paris akiwa na matamshi ya ushago, na nadhani hapo ndio alijua venye inauma kuangaliwa juu chini kabla hujafungua mdomo. 1963, alafu tena 1967 na 1968, yeye na watu wake waliuliza watu 1,217 maswali yenye yanakaa madogo: unapenda muziki gani, unapikia wageni nini, fanicha yako ulitoa wapi, picha gani inaweza kuwa poa kupigwa. 1979 akatoa kitabu inaitwa La Distinction, na hiyo kitabu mpaka leo ikitajwa kwa chuo mtu lazima akae vizuri.

Akasema nini? Kwamba ladha yenye unaona ni yako binafsi, yenye unadhani ilitoka tu kwa roho, imeundwa na keja ulilelewa, shule ulienda na kazi mbuyu yako alifanya. Kwamba wenye wako juu huchukua ladha yao na kuiita ladha nzuri, basi, ka vile hakuna ingine. Na kwamba hii inafanya kazi ka mlango. Ukipenda vitu sawa na mwenye kazi, unaingia bila kusukuma. Usipopenda, unabaki nje ukiambiwa huna "kitu fulani" na hakuna mtu anaweza kukutajia hiyo kitu. Wale wa chini, alisema, wana ladha ya lazima: wanapenda chenye kinashibisha, chenye kinadumu, chenye kina kazi. Mambo ya umbo na urembo ni ya wenye wana nafasi.

Kwa dishi, Bourdieu ako sawa kabisa. Ingia kibandaski karibu na mjengo saa saba mchana. Sahani ya chapo madondo imejaa mpaka inamwagika, supu juu, avo pembeni, na msee wa mjengo anauliza mathe aongeze. Lazima aongeze. Huyo jamaa atabeba mawe mpaka saa kumi na moja jioni na hakuna kitu ingine kati ya hapo na usiku. Alafu ingia restaurant ya Westi: sahani kubwa, chakula kidogo katikati, sosi imechorwa na kijiko. Huyo mwenye anakula hapo atarudi kukaa kwa kiti. Miili mbili, mahitaji mbili, na kila mmoja anaamini anakula chenye anapenda.

Kahawa ndio inaonyesha zaidi. Nchi hii inalima kahawa kali sana, miteremko ya Nyeri na Kirinyaga, na miaka yote gunia zimekuwa zikienda kwa meli. Nyumbani tulibaki na chai ya maziwa na sukari, na kama mambo ni mabaya, strungi. 1999 Java House ikafungua pale Adams Arcade na pole pole kahawa ikawa kitu ya kukutania, ya kufungulia laptopu, ya kuonekana. Hakuna mtu huzaliwa akipenda kahawa chungu bila sukari. Ulimi hufunzwa, na hayo masomo yako na karo. Mkulima wa Kirinyaga mwenye alichuma hiyo buni na mikono yake pengine hajawahi kuyalipia.

Lakini kwa mathree, Bourdieu angepotea. Njoo ukae steji jioni, ya Rongai 125, ya Ngong 111, ama ya Buru 58. Kuna mat imesimama, viti ziko, bei poa, inaenda saa hii. Yut mwenye ako na soo moja ya mwisho kwa mfuko anaiangalia, anaiacha iende. Anaacha ya pili iende. Anangoja nganya. Na nganya ikitokea utajua kabla uione, juu besi inagonga kifua. Mwili wake umeundwa juu ya chasi ya Isuzu, umechorwa kutoka bampa mpaka paa: uso wa rapa, uso wa Dedan Kimathi, mstari wa fedha unafuata dirisha. Ndani kuna skrini nyuma ya viti, taa za zambarau kwa siling, ngozi imeshonwa na uzi wa rangi ingine. Mamilioni ya shilingi yameingia hapo. Na itakufikisha Rongai saa ile ile, kwa jam ile ile, na ile mat yenye yut aliacha. Hiyo si ladha ya lazima. Hiyo ni mtu mwenye hana kitu akichagua urembo kwanza.

Na wasee wa steji ni wakali kuhukumu. Watakuambia nani amechora, ka mkono wake umeboreka ama umeshuka, ka rangi ya nyuma inapigana na ya mbele. Nganya ikikaa miezi kadhaa na rangi moja wanasema imezeeka, na mwenye anairudisha karakana. Kijana wa miaka kumi na tatu Umoja anaweza kukupatia uchambuzi wa rangi na herufi wenye mwanafunzi wa sanaa angetolea jasho.

Kwa nini mtaa inaweka urembo wake kwa gari? Nadhani ni hivi. Keja ni chumba moja, kitanda, jiko, maji kwa mtungi. Mchoro utaweka wapi? Babi ananunua sanaa anafunga nayo geti. Mtaa inaweka sanaa yake kwa barabara, na ukilipa soo unakaa ndani yake saa nzima. Ndio maana 2004, sheria za waziri wa uchukuzi Michuki zilipokuja na mikanda ya viti na ule mstari wa njano, wasee waliumwa na jambo moja zaidi ya yale mengine. Mikanda ilikuwa muhimu, watu walikuwa wanakufa. Lakini kufuta rangi? Michoro ilihesabiwa uchafu juu ya wenye walikuwa wanaichora. Miaka kama kumi baadaye Uhuru Kenyatta akasema graffiti iachwe, vijana wafanye kazi, na siku hizi watalii wanapandishwa nganya ka sehemu ya kuona Nairobi.

Hii ramani ya Westi na Eastlando haikujichora yenyewe. Reli ilifika hapa 1899, wazungu wakashika upande wa magharibi wenye uko juu na baridi, Wahindi wakawekwa Parklands na Ngara, na Mwafrika akasukumwa mashariki karibu na reli na viwanda: Pumwani, Shauri Moyo, Makongeni, Kaloleni. Vyumba vidogo, watu wa makabila yote wamepangwa ukuta kwa ukuta, uwanja moja, bomba moja. Watoi wakikua hivyo huwezi wazuia kuchanganya kila kitu. Wakachanganya lugha, wakachanganya ngoma, wakachanganya mavazi, na hapo ndio Sheng ilitokea.

Ndio maana ngoma pia inatoka huko. Kalamashaka walitoka Dandora mwisho wa miaka ya tisini wakirap Kiswahili cha mtaa wakati radio zilitaka Kizungu cha Marekani. Calif Records ya Clemo ikakaa California, hapo Isich, ikatoa Nonini na Jua Cali, na genge ikawa na jina. 2018 maboyz wanne wa Umoja, Ethic, wakatoa Lamba Lolo na gengetone ikaanza. Watu wazima walikasirika, na ukweli kuna mistari huko hata mi siwezi cheza mathe akiwa sebuleni. 2019 mkubwa wa bodi ya filamu akasema Wamlambez ya Sailors ikae klabu, isichezwe hadharani. Nayo ikachezwa klabu, na klabu zenyewe ni zile za Westi, na walipaji ni wale wale wenye wangesema mchana hiyo ni takataka.

Msomi Mmarekani anaitwa Richard Peterson aliona kitu ka hiyo kwao. 1996, yeye na mwenzake Roger Kern waliandika kwamba matajiri wa huko wameacha kupenda muziki wa juu pekee. Sasa wanakula kila kitu, opera leo, muziki wa country kesho. Heshima mpya ni kuwa na masikio mapana. Kanairo imefika hapo. Babi wa leo ako na Sauti Sol, ako na jazz, ako na mugithi ya Jumapili, ako na arbantone yenye imejengwa juu ya zile biti za genge za zamani, na anaenda tamasha la Blankets and Wine na shuka lake la kukalia. Sina ubaya na yeyote hapo. Sauti Sol walianzia shule ya Upper Hill 2005 na wamefanya kazi ya kuheshimika. Muthoni Drummer Queen alianzisha Blankets and Wine 2008 wakati ilikuwa ngumu msanii wa hapa kulipwa kwa steji. Chenye nasema ni kwamba mapana yenyewe yanataka nauli. Yut wa Kayole pia angependa kusikia kila kitu. Tiketi ndio hana.

Na hapa ndio moyo wangu uko. Tofauti ya klasi Kanairo imeacha kukaa kwa kitu yenyewe. Wote wanakula mutura, wote wanavaa mitumba, wote wanajua ngoma. Tofauti iko kwa nani anaweza kuiacha akitaka. Babi akisimama kwa mutura ya karibu na barabara, ni usiku mtamu, kesho atakula kitu ingine. Msee mwenye amesimama karibu na yeye, hiyo ndio supper. Babi akifuga rasta, yeye ni msanii. Yut wa Mathare akifuga rasta ile ile, karao anamsimamisha kabla afike steji na anaulizwa anatoka wapi. Kila asubuhi watu wanatoka Kibera na Mukuru kwa miguu wakienda Indaa kutafuta kibarua, kando ya reli, vumbi mpaka magoti. Wikendi watu wengine wanalipa kuingia msitu wa Karura ili watembee. Miguu ni ile ile. Yenye inaandikwa kwa CV ni ya Karura.

Niliandika CV hapo makusudi. Kuna hiyo sehemu ya mwisho, mambo unapenda kufanya. Mwenye anakuuliza maswali alienda shule yenye ilikuwa na raga na dimbwi la kuogelea, na ukisema raga macho yake yanafunguka, mnaanza kupiga story za uwanja wa RFUEA, na saa moja inaisha vizuri. Ukisema unapenda nganya, unaweza kuwa unajua rangi, sauti, umeme wa gari na biashara ya njia nzima, lakini chumba inakuwa baridi. Alafu kuna ulimi. Ukitweng, wewe ni msomi. Ukishrub kidogo, watu wanakohoa. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliandika 1997 kwamba hii tao ina lugha mbili za mayut, Sheng ya Eastlando na Engsh ya Westi, na tangu hiyo wakati zimekaribiana sana, babi anajua Sheng mob. Lakini yeye akiibonga ofisini anaonekana ako na watu. Yut wa Huruma akiibonga kwa ile ofisi anaonekana hajasoma. Kwa hivyo yut wa mtaa anabeba lugha mbili, mavazi mbili, sura mbili, na anabadilisha kwa mathree kati ya Dandora na tao, kila siku, bila mtu kuhesabu hiyo ka kazi.

Juni 2024 nilidhani hiyo ukuta imepasuka. Maandamano ya Finance Bill, tao imejaa, watoi wa shule za karo kubwa na watoi wa Githurai kwa barabara moja, na ngoma yenye ilibeba siku zile ilikuwa Anguka Nayo ya Wadagliz. Ngoma ya mtaa, densi ya mtaa, wote wanaanguka nayo mbele ya maji na moshi. Hakuna mtu alikuwa anaicheza ka mgeni. Hizo siku zilikuwa na vifo na sitaki kuzipaka rangi. Lakini niliona kitu yenye ladha moja inaweza kufanya: wasee wenye hawangewahi kuongea wakajua step moja, na wakijua step moja walianza kushikana mikono gesi ikirushwa.

Sasa mi nataka pesa ifuate hiyo ladha, na kuna wenye wameonyesha inawezekana. Shujaaz walianza 2010, komiki ya bure kwa Sheng, na mhusika mkuu ni DJ Boyie, kijana mwenye anaendesha radio ya siri kutoka chumbani kwake. Waandishi na wachoraji walilipwa, na 2012 wakabeba Emmy ya kimataifa. Ghetto Radio, 89.5, walichukua habari, zile habari za bunge na bei ya unga, wakazisoma venye mtaa inabonga. Mtangazaji wa hapo haingii studio akibadilisha ulimi. Anaketi, anavaa hedifoni, anabonga venye alibonga kwa ploti asubuhi, na mwisho wa mwezi anapata mshahara juu ya hiyo. Mchoraji wa nganya bado hulipwa mara moja rangi ikikauka, hata picha yake ikiendelea kuuza kalenda, tisho na matangazo miaka mitatu. Msee wa bale bado hana hata jina kwa lebo ya ile koti. Hapo ndio nataka makampuni na wenye maduka ya Westi waje tukae chini, na waje na kalamu.